Egesangio ya Mong'ina Kemuma

Sitaki mtu aniambie kwamba lisemwalo lipo. Methali hiyo ilimmeza mtu nikiiona kwa macho yangu, mwaka wa 1968, huku kwetu juu ya Keroka. Aliyebeba lawama hadi kaburini ni Drusilla Kemuma, tuliyemwita Mong'ina, yaani mama mzee wa heshima, na mwanamke bora kuliko yeye sijamwona mpaka leo.

Kemuma alikuwa mjane. Mumewe, Onyancha, alipofariki, watu walimlilia siku nne kisha wakarudi kuchuma majani chai yao. Kemuma akakaa miezi miwili akisahau kula. Jambo hilo lilimkasirisha sana, na alipopata nguvu alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Kulima tunasaidiana. Mbona kuvuka kila mtu anavuka peke yake?"

Kwetu watu wakilima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kazi hiyo huitwa egesangio. Kemuma akaanzisha egesangio ya wanaovuka: mwali aliyeolewa ugenini, mama wa mtoto wa kwanza, mjane, mzee aliyeachwa na wanawe. Kila mmoja alipewa watu watatu wa kuwa naye: aliyevuka zamani, aliyevuka juzi, na ambaye bado hajavuka. Mimi, Orpah, nilikuwa na miezi mitatu tu katika ndoa, nikawa "bado" wa kila mahali. Nilimuuliza, "Mong'ina, kuna kitu chochote nimeshavuka mimi?" Akasema, "Barabara ya Keroka, na hata hiyo ulikimbia."

Alimkaribisha pia Akong'o, mke wa Jeconia Opondo, fundi cherehani pale Keroka. Akong'o alitoka kando ya ziwa, akajifungua kwetu bila hata shangazi mmoja karibu, na egesangio ikamlea. Alikuwa mcheshi, na Kigusii chake kibovu alikimwaga bila aibu. Tulimcheka, naye akacheka. Laiti tungemsahihisha.

Mwezi wa tano, Makori alianguka kutoka juu ya mkaratusi akikata matawi, akavunjika mgongo. Alilazwa hospitalini wiki sita, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Vidonda vya kulala vilimla, homa ikawa inakuja na kuondoka. Mkewe, Bonareri, alimgeuza, alimwosha, alimlisha. Shamba likawa pori. Kemuma akatuita: Jumanne, sote kwa Bonareri, na majembe.

Siku hiyo Akong'o alibaki nyumbani kumwangalia mgonjwa pamoja na mama yake Makori. Mama huyo hakujua Kiswahili. Bonareri alikuwa ametoka kutuonyesha mipaka ya shamba, na mama mkwe akauliza yuko wapi. Akong'o, kwa furaha ya kujibu kwa lugha ya watu, akasema, "Mama, usijali. Bonareri yuko amasangia. Tangu asubuhi, na watu wengi."

Kwa masikio ya mgeni, egesangio na amasangia ni mapacha. Kwetu amasangia ni kushirikiana kwingine kabisa: ni mke kutoka nje ya ndoa. Na tumelelewa tukijua kwamba mume akiwa mgonjwa, mke wa namna hiyo akivuka kizingiti cha chumba chake, mume hukata roho. Sisi ni Wasabato, ndiyo, lakini Sabato ni Jumamosi. Neno hilo lilisemwa Jumanne.

Bonareri aliporudi alimkuta mama mkwe amesimama mlangoni na mchi. "Usiingie. Utaniulia mtoto."

Akong'o alilia, akaeleza kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Kemuma akaeleza tena. Mama Makori akatusikiliza hadi mwisho. "Mgeni hana sababu ya kusema uongo," akasema. "Lisemwalo lipo." Jioni ile ile homa ya Makori ikapanda, na baada ya hapo hakuna aliyetaka maelezo. Hata wenzetu wawili wa egesangio walichukua majembe yao bila kuaga.

Siku tatu Bonareri alilala jikoni, hatua kumi kutoka kwa mumewe. Uji aliopika ulimwagiwa mbwa. Kutoka ndani tulimsikia Makori akiita, "Bonareri! Bonareri!" Hakuliamini neno lile. Alimtaka mkewe, na sauti ilikuwa ikififia kila asubuhi. Niliogopa hataimaliza siku.

Njia ilikuwa moja. Mke akikiri na kumtaja mwanamume, mzee wa dawa huchinja mbuzi, huwatakasa, na mlango hufunguliwa. Kemuma, ambaye hakuwahi kudanganya hata bei ya ndizi, alichuchumaa jikoni karibu na Bonareri.

"Kiri," akamwambia.

"Mong'ina, nikiri nini? Nimtaje nani? Nimharibie nani nyumba yake?"

Kemuma akamsogelea. "Mtaje Onyancha wangu. Hata kosa la zamani ni amasangia. Maiti haitoi ushahidi, na nyumba itakayoharibika ni yangu."

Nilimshika mkono nikimsihi asifanye hivyo. Akanitoa kama anayefukuza nzi.

Bonareri alikiri mbele ya ukoo mzima, nje ya dirisha la Makori. Mbuzi akachinjwa. Mle ndani kuita kulikoma. Bonareri akaingia, na Makori akafa kabla jua halijazama. Ikawa ndio uthibitisho: Onyancha mzinzi, na Kemuma kuwadi, na egesangio yake shule ya uchafu. Wanawe Kemuma wenyewe waliacha kula kwake. Akong'o na Jeconia walihama. Tulibaki watatu, tukavushana hivyo hivyo, hadi Kemuma alipofariki mwaka wa 1976.

Mimi na Bonareri ndio tuliomwosha. Nilimuuliza swali nililolimeza miaka minane: pale ndani, alimwambia Makori ukweli?

"Mama yake alisimama kando ya kitanda muda wote," Bonareri akasema. "Ningekana, ningetolewa. Makori akanitazama, akaniuliza, 'Ni kweli?'"

Alikamua kitambaa, akaanza kufuta miguu ya Kemuma.

"Nikasema ndiyo, ili niendelee kumshika mkono. Akauvuta mkono wake."