Nilivyoziua Kokeliko za Mama Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla hata sijavua kofia. Nilikuwa kijana wa Opala, nimefika Kisangani kwa baleinieri, ile mashua kubwa ya mbao yenye moteri, na barua ya kazi nimeikunja mfukoni mpaka ikawa laini kama kitambaa. Barua ilinipeleka kwenye pepinieri ya mji, yaani bustani ambamo huduma ya mji ilikuza miche ya miti ya barabarani na maua ya mbele ya ofisi. Chef wa pepinieri alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alinikuta nimechuchumaa, namwaga mbegu za zinia juu ya udongo kama mtu anayelisha kuku.

"Weye unatoka wapi?"

"Opala, Chef."

"Bon. Kule munapanda muhogo, na muhogo inajiotea yenyewe. Hapa, mbegu nikiiona na macho yangu, umefanya kazi mubaya. Funika!"

Nikafunika. Nimefunika mbegu maisha yangu yote tangu siku ile, na ndiyo maana naandika habari hizi.

Nieleze kidogo kazi ilivyokuwa, kwa sababu siku hizi mnanunua miche katika vifuko vya plastiki na hamjui ilikotoka. Kwanza tulichekecha udongo kwa chekecheo la waya, tukauchanganya na mchanga wa mtoni na mbolea ya majani yaliyooza. Hapo tulitengeneza kitalu, tuta la upana wa mikono miwili, na juu yake kivuli cha makuti ya mchikichi ili mvua isipige na jua lisichome. Mbegu zilipandwa kwa mistari na kufunikwa kwa udongo mwembamba. Mche ukishatoa majani manne, ilikuja kazi ya heshima, ile tuliyoiita repikaji, yaani kupandikiza: unauinua kwa kijiti kilichochongwa, unaushika kwa jani na kamwe si kwa shina, unauhamishia kwenye kopo lake. Mikono yangu ilikuwa myepesi. Chef alianza kwa kunitukana na akaishia kunileta mbele ya wageni ili wanione nikipandikiza, jambo ambalo halikunisaidia kuwa mnyenyekevu.

Baadaye nilipelekwa Banalia, kuotesha miti ya kivuli kando ya barabara. Huko bosi wangu alikuwa Mkuu wa kituo, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya matope. Aliamuru tupande kana mia kadhaa pale chini kabisa, karibu na maji ya Aruwimi. Kana ni katika maua ya kudumu, yale ambayo hayafi yakishatoa mbegu, bali yanabaki ardhini na kuchipua tena mwaka hadi mwaka. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba maji yatapanda. Tukazipanda palepale. Maji yakapanda, yakabeba kana zote, na asubuhi yake akaniita ofisini.

"Andika raporo," akasema. "Andika viboko ilikula maua."

"Chef, hakuna kiboko hata mumoja aliyeonekana."

"Alors? Unataka niandike nini? Kama Mkuu alikosea?"

Nikaandika viboko. Nawaambia ukweli, nilimcheka miaka mingi, huku nikijifunza kwake bila kujua. Nilipohamishiwa bustani ya hospitali ya masista, chini ya Mère supérieure, mkuu wao, aliyekuwa akikagua vitalu vyangu baada ya sala, miche iliyokufa niliitupa kabla hajafika. Niliporudi pepinieri ya mji, safari hii nikiwa chef mwenyewe, niliwalaumu mchwa, mvua, ubovu wa mbegu na wafanyakazi. Sikumbuki hata mara moja niliposema mbele ya watu kwamba kosa ni langu. Nilistaafu nikiwa na cheti, pagne mbili za mke wangu, yaani vitenge, na sifa kwamba mikono ya Papa Anselme haiui mche.

Wiki ya tatu ya pensheni mke wangu alichoka. Alisema naziangalia sufuria zake kama wafanyakazi waliochelewa. Akanituma kwa kina mama wa mtaa wa Makiso waliokuwa wakibadilishana mbegu za maua, mara moja kwa mwezi, uani kwa Mama Furaha. Wao waliuita mkutano huo *troke*. Kila mmoja alileta mbegu za nyumbani kwake ndani ya vipakiti vya karatasi ya daftari, juu yake pameandikwa jina la ua na jina la mwenye kulikuza. Kulikuwa na zinia, kosmosi, mibelidenui inayofunguka jioni, na vipande vya mizizi ya jerbera. Nilivaa koti langu la kazi, nikaketi, na kabla chai haijamiminwa nilikuwa nimewasahihisha watatu.

Walikuwa na desturi moja iliyoniudhi sana. Ukipewa pakiti, ni lazima uifungue palepale na kumpa aliyeketi upande wako wa kushoto kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda na mbegu peke yake. Kwangu huo ulikuwa uharibifu mtupu: unaichukua mbegu kwa fundi, unaitia mkononi mwa mtu asiyejua hata chekecheo ni nini. Nililisema hilo waziwazi. Wakacheka, wakaendelea.

Mama Furaha alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa milima ya upande wa Bukavu, mpole, mcheshi, na ndani ya miezi michache tulikuwa marafiki wa kweli. Tulizungumza kila nilipopita kwake. Mwezi mmoja alinipa pakiti nyembamba.

"Papa, hii iko kokeliko ya mama yangu," akasema. "Ua mwekundu, karatasi tupu, inaanguka siku mbili. Mama alikufa, nyumba ile batu balihama, bustani ilikwisha. Hii iko ya mwisho. Hapa na hii joto mbegu inaoza, na mi sina mikono. Mi naacha kazi mwaka hii, narudi kwetu kusimamisha musalaba kwa kaburi yake. Nataka nifike na mbegu mupya. Weye utaniotesha."

"Mama, zihesabu kuwa zimeshaota," nikasema. Hivyo ndivyo nilivyosema, neno kwa neno.

Kushoto kwangu aliketi Mama Philomène, mchuuzi wa samaki wa Yanonge, ambaye alikuwa akija Kisangani na mzigo wake na kupitia troke akipata nafasi. Alinyoosha kiganja. Nilimpa kwa shingo upande, kidogo sana, vumbi lililobaki kwenye kucha. Mbegu ya kokeliko ni ndogo kuliko chembe ya pilipili iliyosagwa. Alizifunga kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa, mimi nikasikitika kimoyomoyo kwamba zimekwenda kufia huko.

Nilitengeneza kitalu kilicho bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nilichekecha udongo mara tatu. Nilipanda mbegu zote, nikazifunika kama nilivyofundishwa, nikamwagilia kwa tundu ndogo kabisa za arozwari, kopo la kumwagilia. Zikaota kumi na moja tu. Nililaumu umri wa mbegu. Zilipotoa majani manne nikachukua kijiti changu, nikaziinua moja moja, nikazihamishia kwenye makopo. Nathubutu kusema ilikuwa kazi safi. Siku ya tatu zote kumi na moja zilikuwa zimelala chini, laini, zimekufa.

Sikuamini. Nilichokora udongo wa kitalu kwa kidole kama kuku, nikitafuta hata mbegu moja iliyochelewa. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeua kitu cha mwisho ambacho marehemu alimwachia mtoto wake, na nilikiua kwa ufundi, kwa utaratibu, kwa koti la kazi mwilini.

Jambo la kufanya lilikuwa jepesi: kuvuka barabara mbili na kumwambia. Badala yake nikawa Mkuu wa kituo. Mama Furaha alipouliza, nilisema maua ya baridi yanachelewa. Alipouliza tena, nilisema mvua imezidi. Kisha nikaacha kupita kwake, hata siku za troke. Nikiwa juu ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, nilimwomba mwendeshaji azunguke nyuma ya soko. Akipita mbele ya nyumba yake kwa ukaidi, niligeuza uso upande mwingine. Miezi mitano niliishi hivyo. Chakula kilikuwa hakina ladha, na mke wangu alidhani nina malaria.

Ikafika troke ya mwisho kabla ya safari ya Mama Furaha. Nilikwenda kwa sababu kukosa siku ya kumuaga kungeuliziwa. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kidogo kufuata sukari. Nikiwa bado nimesimama mlangoni, Mama Philomène akaja na kifungu cha majani ya mangungu, yale ya kufungia liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani.

"Papa Anselme, weye mutu ya maua, uniambie hii kitu iko nini. Ile vumbi ulinipa, nilitupa tu juu ya muchanga, pembeni ya nyumba, pale nachoma takataka. Sikufanya kintu. Iliota mingi, mekundu, bazee bote balikuja kuangalia. Sasa imebakisha hivi bikopo."

Akafungua majani. Ndani mlikuwa na vichwa saba vikavu vya kokeliko, kila kimoja na kifuniko chake na vitundu vyake vidogo kama kopo la chumvi. Nilikitikisa kimoja kikalia. Hapo hapo nikaelewa yote. Mbegu ile inataka mwanga, mimi niliizika gizani. Mzizi wake ni mmoja, mrefu, hauvumilii kuhamishwa, nami niliuhamisha. Mama huyu hakujua la kufanya, basi hakufanya, zikaishi.

Nilitaka kumkumbatia na samaki zake.

"Chukua tu byote, Papa," akasema. "Kwangu iko ingine."

Mama Furaha akaingia na sukari. Akaona kilichomo mikononi mwangu kabla sijafungua mdomo, akakitambua, akapiga kelele.

"Papa! Zilitoka! Bamama, muone! Si niliwaambia? Huyu iko fundi ya kweli!"

Wakapiga makofi wote. Mama Philomène aliangalia vidole vya miguu yake. Niliona kwamba hatasema. Angeniachia sifa ile bila kinyongo, na hakuna mtu duniani angejua. Mama Furaha angesafiri na mbegu zake, mimi ningebaki na jina langu. Ningeweza tu kutabasamu. Mdomo ulikuwa umeshaanza.

"Hapana," nikasema. "Zimeota kwa Mama Philomène, Yanonge. Zile zako mimi niliziua zote, Mama. Nilizizika, kisha zilizobahatika kutoka nikazing'oa kwa repikaji. Nilikosea. Halafu nikakudanganya miezi mitano."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Nilivishika vile vichwa saba kama mtoto aliyevunja sahani. Mama Furaha hakuviangalia. Aliniangalia mimi, na macho yake yakajaa maji.

"Donc ilikuwa ile tu?" akasema. "Mbegu?"

"Mbegu za mama yako."

"Papa, mi nilifikiri nilikukosea. Ulikuwa unapita na toleka, unageuza kichwa. Kila siku najiuliza, nilisema nini mubaya kwa huyu papa? Nilisema, ntaenda Bukavu na hii roho, rafiki moja niliyepata hapa ananichukia, na sijui juu ya nini."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimelilia jina langu na mbegu zake, na muda wote huo kilichokuwa kinanyauka ni kitu kingine kabisa.

Ninyi mnaoingia katika kazi ya bustani, nimewapa udongo, chekecheo na kijiti, na mtavijua kwa msimu mmoja. Bado natengeneza vitalu, na kokeliko nazimwaga juu ya mchanga mwezi wa jua na kuondoka. Hapa kwetu joto ni kali, mwaka mwingine napata maua mawili tu, na silaumu mvua. Mimi ilinichukua utumishi mzima kusema neno moja, na siku nilipolisema nilihisi nimetua gunia ambalo nilishazoea kuliita mgongo wangu. Laiti ningelisema mapema, Banalia na hospitalini na kila mahali. Watu niliowalaumu bure ni wengi, baadhi yao wamekufa.

Mama Furaha alipomaliza kusema, kina mama walijishughulisha na vikombe ili wasituangalie. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, yeye peke yake, "Nilikosea, Mama." Mara ya pili neno lilitoka lenyewe.

Akafuta macho kwa pembe ya pagne, akanivutia kiti.

"Basi kaa, Papa," akasema. "Tangu ulifika, uko unasimama tu."