Gwantwa Aliyekataa Mbadala

Gwantwa ndiye sauti ya kwanza katika kwaya yetu hapa Tunduma, na sisemi hivyo kwa sababu ni rafiki yangu. Akiimba, hata watoto wasumbufu wa benchi la nyuma hutulia. Ila uso wake, maskini, chunusi ziliupigia kambi tangu usichana. Kwaya ilipoamua kurekodi video, yeye mwimbishaji wetu akaapa kwamba hasimami mbele ya kamera vile alivyo. Akaenda kwa daktari wa ngozi, akaandikiwa krimu.

Nilimsindikiza duka la dawa. Muuzaji alisoma cheti, akatikisa kichwa.

"Dada, yenye jina hili huwa haifiki huku. Ila mbadala wake upo, chukua tu."

Gwantwa alimpokonya cheti. "Mbadala? Mama yangu aliuawa na mbadala!"

Kweli tupu. Kwao Ileje, marehemu mama yake aliacha vidonge vya presha, akageukia chupa za tiba mbadala, majani na mizizi iliyosagwa, hadi akapooza na kufa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi mwenyewe nililielewa neno lile vilevile, na muuzaji alikuwa ameshageukia wateja wengine.

Tukavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mchuuzi mmoja akatusalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo! Orijino hii hapa." Jina kwenye tyubu lilikuwa lilelile la kwenye cheti, herufi kwa herufi. Gwantwa alifurahi karibu amkumbatie.

Na uso ulitakata kweli! Watu wakawa wanamuuliza anapaka nini. Kisha ukaanza kuwaka moto, ngozi ikawa nyembamba, ikachubuka, na chunusi zikarudi na ndugu zao. Daktari alipoiona ile tyubu aliguna. Feki, akasema, ndani wametia dawa kali isiyo ya chunusi. Na ule mbadala wa dukani, akasema, ni dawa ileile aliyoiandika yeye, imetengenezwa na kiwanda kingine na kupewa jina jingine, basi.

"Sasa mbona hakuna aliyeniambia hivyo, daktari?" Gwantwa aliuliza huku analia.

Daktari alianza kuandika cheti kingine. Jibu ninalo mimi: wenye dawa wanadhani maneno yao sote tunayajua. Inanikera hadi leo.

Video haikungoja uso upone. Studio walichukua sauti ya Gwantwa, lakini mbele ya kamera, kati ya mibuni ya Mbozi, tulimsimamisha mwanakwaya mwenzetu Rozi mwenye mashavu laini, akawa anafumbua mdomo tu.

Baba yake Gwantwa aliiona kwenye simu ya jirani huko Ileje, akampigia. Nilikuwa nimeketi na Gwantwa jikoni, nikasikia kila kitu.

"Huyo binti wa mbele anaimba kama wewe kabisa, mwanangu. Ni nani?"

Gwantwa alivuta kanga akafunika mashavu, kana kwamba mzee anamwona.

"Anaitwa Rozi, baba."