Nyaya za Afande

Kazi yangu ilikuwa kuandika draiva, yaani programu inayoongoza kadi ya mtandao. Ofisi yetu ilikuwa Makindye, tukipokea picha za eksirei kutoka zahanati ndogo na kuzipeleka kwa madaktari. Kila siku ikifika saa sita pakiti za data zinaanza kupotea. Saa nane kadi imenuna kabisa, haipokei kitu.

"Nyaya hizo," nikasema, wala sikusita. Fundi wa nyaya alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, na sote tulimwita Afande. Bosi akamwambia mbele yetu: hali isipotengemaa kufikia Ijumaa, kazi basi.

Afande akabadilisha waya, tukawasha mashine upya, mambo yakawa safi. "Si mnaona?" nikajigamba. Kesho yake mchana, yale yale. Akabadilisha tena.

"Waya iko mzuri," akaniambia. "Mimi nimepima mara tatu."

Nikamfokea: "Sasa nani anakula pakiti, Afande? Mimi?"

Lakini kichwa kilikuwa kimevurugika. Niliongeza nafasi za kupokelea pakiti mara mbili. Kadi ikafa jioni badala ya mchana. Ala! Waya gani huo unaojali nafasi zangu? Nikasoma msimbo wa draiva mpaka herufi zikacheza, nisielewe hata kidogo. Ijumaa Afande akakusanya koleo zake, akaondoka.

Jumatatu ndipo nikaona. Kadi hupewa nafasi tupu, kama sahani za kibandani: pakiti ikiingia, naisoma, narudisha sahani. Ila pakiti ikija mbovu, mimi nilikuwa naitupa pamoja na sahani yake. Zikawa zinapungua moja moja hadi zinakwisha. Kuwasha upya ndiko kulikoleta sahani nyingine, si waya mpya. Mstari mmoja tu nilikuwa nimeusahau, mjinga mimi!

Nilimweleza bosi, lakini alikuwa ameshaajiri mwingine. Nikaenda nyumbani kwa Afande, nikamwambia yote mlangoni, nikiona haya hata kumtazama. Nilitaka anitukane, nipumue. Hakunitukana. Aligeuka akamwita mkewe.

"Mama, kuja usikie." Kisha akaniambia, "Sema tena, polepole. Huyu mama anafikiri macho yangu imekwisha. Hata mimi nilianza kufikiri."