Kikokotoo cha Mjomba na Mkaratusi wa Munanila

Mwaka ule wa 2013, Ndayisaba, seremala wa Munanila, hakupanda gari kwenda Kasulu kwa raha ya kununua kitu. Alikwenda kujua kama alimsingizia rafiki yake.

Mikono yake haijui kutulia. Kazi ikiisha, alitengeneza feni za upepo za kuwasha taa, na feni inataka mlingoti mrefu. Kwa hiyo alipima pembe ya kilele cha mkaratusi aliotaka kuuangusha, kwa kipimapembe na uzi wenye jiwe, akakokotoa urefu kwa kikokotoo alichoachiwa na marehemu mjomba wake, mpima ardhi wa Burundi. Akachomeka kigingi chini: kilele kitaishia hapa. Venanti, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi, akashika msumeno. Mti ukapita kigingi na kubomoa jiko la Mama Esteri. Mama wa watu alikuwa ndiyo kwanza ametoka na ndoo.

Jumapili, nje ya kanisa, Ndayisaba alisema mbele ya watu kwamba Venanti alikata vibaya, mti ukateleza kwenye kisiki. Tangu hapo hakuna aliyempa Venanti hata mti wa kuni akate. Na kikokotoo? Hakikuwahi kujaribiwa. Nani amjaribu mjomba wake? Lakini neno lile lilimkwama Ndayisaba kooni kama mwiba wa samaki, mwisho akaona heri anunue kikokotoo kingine, ajue moja.

Dukani, Saady, mwenye duka, alimwekea viwili mezani. Kimoja kipya, cha wanafunzi. Cha pili kilikwisha kutumika, kimepita mpakani Manyovu kutoka ng'ambo, Burundi.

"Hiki cha pili unakipangia fomula zako, fundi, kinazikumbuka," alisema Saady. "Hata za mapanga ya feni."

Moyo wa Ndayisaba ulikipenda papo hapo. Lakini alianza na kipya, akaingiza vipimo vya mkaratusi ule. Urefu uliotoka ulipita kigingi mbali sana. Akaingiza vilevile kwenye cha pili, na hapo jibu likawa lilelile la mjomba, hadi tarakimu ya mwisho. Akashusha pumzi.

"Mbili kwa moja," alisema, karibu acheke. "Hiki kipya chako kinadanganya, bwana Saady."

Saady hapendi bidhaa yake itukanwe. "Andika tan ya arobaini na tano. Hata mtoto wa sekondari anajua jibu ni moja."

Kipya kikatoa moja. Cha pili kikatoa 0.854. Ndayisaba akatoa cha mjomba mfukoni, akabonyeza vilevile. 0.854.

"Vimeharibika vyote viwili?"

"Havijaharibika. Unaiona hii G hapa juu? Wapima ardhi wa ng'ambo wanaligawa duara mafungu mia nne. Kipimapembe chako kina mia tatu na sitini. Wewe unakiuliza kwa digrii, chenyewe kinajibu kwa hesabu ya kwao." Akabonyeza, G ikawa D, na jibu likawa moja.

Miaka yote Ndayisaba aliiona G ile, akidhani ni alama ya kiwanda. Aibu ilimshika mpaka akashindwa kumtazama mwenye duka.

"Unachukua kipi?"

"Hiki kipya. Chenye akili nyingi kinataka mtu anayeangalia."

Aliporudi Munanila hakupitia kwake. Alimkuta Venanti uani akimenya mihogo.

"Venanti, ulikata sawasawa. Mti ulikuwa mrefu kuliko nilivyokwambia. Aliyekosea ni mimi, si wewe."

Venanti hakuacha kumenya. "Nilikwambia hivyo siku ileile, mti ukiwa bado umelala jikoni kwa watu."

"Hukusema."

"Oya, nilisema. Wewe ulikuwa unatazama mashine."

Ndayisaba akachutama kando ya mihogo.

"Jumapili," alisema Venanti, "simama palepale uliposimama."