Miiba Kando ya Mche wa Kahawa

Kanga nimewaweza, kobe wamenishinda. Kanga ni mkaidi na ana kelele, anatagia popote kwenye nyasi tunazotandaza kibanjani, lakini ukimfuatilia kwa subira mayai utayapata na utampa kuku ayaatamie. Kobe hatoi hata sauti ya kukusaidia.

Nilikuwa na kobe wawili, wenye kibali chao, kwenye kibanja cha baba huku Nyabiyonza. Dume alikufa kiangazi bila ugonjwa niliouona. Tumaini langu lote likabaki kwenye mayai ambayo jike huenda alikuwa bado nayo. Mke wangu alinicheka: wenzako wanafuga ng'ombe, wewe unafuga mawe.

Jioni moja nikamkuta jike anachimba kwa miguu ya nyuma kando ya mche wa kahawa. Mvua ikanikimbiza ndani. Niliporudi shimo lilikuwa limefukiwa, nikajua ametaga. Nikapafunika kwa matawi ya miiba.

Tangu hapo nikawa askari wa udongo. Niligombana na kanga waliopekua pale, nikagombana na mke wangu kwa sababu ya ufagio. Baba nilimkataza hata palizi. Nililinda hivyo kwa miezi kumi, maana mayai ya kobe hayana haraka, na nilisema hivyo kwa kila aliyeuliza hadi watu wakaacha kuuliza.

Kisha ikafika sherehe ya kumuaga dada yangu anayeolewa, na baba akataka kutengeneza rubisi. Kwetu ndizi za pombe huivishwa shimoni: unawasha moto ndani hadi kuta zishike joto, unatoa makaa, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi na kufukia. Baba akaja na jembe karibu na miiba yangu, kwenye udongo laini.

"Baba, hapo hapana!" nilimkemea, nikasahau hata shikamoo. "Chimba kwingine kokote."

"Basi nitafukua lile shimo la zamani, nyuma ya jiko."

"Hilo chukua. Kuni nitakuletea mwenyewe."

Nikaleta mizigo miwili mikubwa, kwa furaha ya kumwondoa pale.

Siku ya tano tulifukua. Baba alipokuwa akivuta chane za mwisho, ukingo wa shimo ukabomoka, na mayai saba meupe yakaanguka juu ya majani. Nilivunja moja. Ndani mlikuwa na kobe mdogo, kamili, na gamba lake na kucha zake, amepikwa.

Nilikasirika. Nikamgeukia baba kana kwamba yeye ndiye aliyetaga.

"Mwanangu," alisema polepole, "ulinikataza kuchimba pale. Sikuchimba pale."

Nikaenda kwenye miiba, nikaitupa, nikachimba hadi mkono ukazama kiwikoni. Palikuwa na udongo na nyungunyungu mmoja. Mvua ile ilimfukuza jike kama ilivyonifukuza mimi, na tope ndilo lililofukia shimo lake. Mimi sikujisumbua kumwangalia alikokwenda.

Jike bado yupo. Hajachimba tena.

Siku ya sherehe wageni waliisifu rubisi ya baba kuanzia asubuhi. Mimi nilikunywa kibuyu kizima. Ilikuwa nzuri kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.