Mkono Uliompumulia Gitonga

Kila akiingia chumbani, yule mwanamume anayesimamia mashine ya kupumulia hukipasha joto kiganjani kile kifaa cha kusikilizia kifua kabla ya kumwekea Gitonga. Makena, dadake Gitonga, amemtazama tangu asubuhi. Madaktari walishathibitisha kwamba ubongo wa kaka yake umekufa, na Makena ndiye aliyekubali mapafu yake apewe mgonjwa anayeyasubiri. Watu wa kanisa lao katika mji wa Hopkins, huku ughaibuni, tayari wanamwita marehemu. Mwanamume huyu bado anamsemesha. Akipitisha mrija kooni kuvuta makohozi husema, "Pole, bro, namalizia," kwa lafudhi ya Kisii, kisha hungoja kidogo kama mtu aliyezoea kujibiwa.

"Huwa analala upande gani?" mwanamume yule alimuuliza Makena.

"Kushoto."

"Basi tumgeuze kushoto, mapafu yafunguke vizuri."

Ulipofika wakati wa kumpeleka kwenye upasuaji, aliuchomoa mrija kwenye mashine akauunganisha na mfuko wa kupumulia unaobinywa kwa mkono. Akiubinya, kifua cha Gitonga kinapanda, akiuachilia, kinashuka. Makena aliandamana nao mpaka mlangoni, akazuiwa hapo.

Baadaye Makena na mwanamume yule walikutana kwenye lifti, wao wawili tu. "Pole sana, dada," mwanamume alisema, macho sakafuni. Mkono wake wa kulia, mtupu, ulikuwa bado unajifumba na kujifumbua, polepole. Makena aliutazama ghorofa baada ya ghorofa, hadi akagundua kwamba hata yeye alikuwa havuti pumzi mpaka vidole vile vijifumbe.