Sweta Jekundu Juu ya Jiwe la Lipingo

Harufu ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wanapoanikwa juani, hukupokea kabla hujaliona ziwa lenyewe. Hata leo nikiisikia sokoni, shingo huanza kuniwasha na jasho kunitoka, kwa sababu siku nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nimevaa sweta la sufu, jekundu kama kahawa mbivu.

Mama ndiye aliyenivisha. Kwetu Mbinga, mwezi wa Juni, ukungu hulala juu ya mibuni hadi jua liwe limepanda sana, na mama hakuamini kwamba kuna mahali duniani pasipo na baridi wakati huo. "Usilivue, Skola. Ziwa ni maji, na maji ni baridi," alinionya. Basi niliteremka milima yote juu ya lori la mahindi, joto likizidi kila kona, nami nimetii tu, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilishukia Lipingo, kwa shangazi Emeliana, dada yake baba aliyeolewa huko ziwani, nikiwa nimelowa chapachapa. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Kwani unaumwa?" Mwanawe Tobia, wa rika langu, alicheka mpaka akakaa mchangani. Toka saa ile ufukwe mzima ukaniita Sweta.

Niliona nimefika mwisho wa dunia. Mbele ya nyumba palitandaa mchanga mweupe usio na mti hata mmoja, shangazi akapaita jangwani, na mchana tuliuvuka kwa kurukaruka kama bisi kikaangoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa beseni la usipa niwaanike. Kutoka kwenye vichanja nililiona jiwe kubwa limesimama ndani ya ziwa, na ndilo lililoninyima usingizi. Watoto wa pale walikuwa na desturi yao: anayefika kileleni hupaza jina analotaka kuitwa, walio chini hulirudia, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kumwita vingine. Lakini wao walikuwa watu wa maji. Walipanda mpaka kwenye bega la jiwe, wakajirusha ziwani, basi. Hakuna wa rika letu aliyewahi kufika juu kabisa. Nikaapa nitafika mimi, nilirudishe jina langu la ubatizo, Skolastika, kabla likizo haijaisha.

Jumamosi ya mwisho shangazi alitupakia watoto kwenye mtumbwi, akapiga kasia mwenyewe. Sweta nililifunga kiunoni. Tobia akaniuliza kama nalipeleka kuoga. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza kuchafua maji, nami nilishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, nikisali kimoyomoyo. Lakini nilipoligusa jiwe, woga wote uliniisha. Hapa palikuwa kwetu! Mtoto aliyechuma kahawa kwenye miteremko ya Mbinga hafundishwi kupanda: unageuza mwili ubavu, unapapasa kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kuweka uzito, na hutazami ulikotoka. Tobia alinifuata mpaka begani, akaishia hapo. "Shuka, Sweta! Mama ataniua!"

Nikafika. Jangwa la shangazi lilikuwa kamstari keupe tu, ndege furukombe akielea chini ya miguu yangu, na mbali kabisa, juu ya kila kitu, milima ya kwetu imejaa buluu. Kisha upepo ukanipiga. Huko juu kulikuwa na baridi, baridi ya kwetu kabisa! Nikafungua sweta, nikalivaa, na joto lake likanikumbusha mikono ya mama. Chini, wenzangu walikuwa wamejikunyata kwa upepo uleule. Jina langu la ubatizo lilikuwa tayari ulimini. Lakini mkataa kwao ni mtumwa. Nikavuta pumzi, nikapaza: "Swetaaa!" Wote, na shangazi akiwa ameinua kasia lake, wakaitikia: "Swetaaa!" Nililia kwa furaha. Niliposhuka, Tobia alinisogelea kwa adabu nisiyoizoea. "Sweta, dada yangu, niazime kidogo." Nilimwacha abembeleze mpaka tulipofika nchi kavu.

Mwaka huu nimerudi. Safari iliyonichukua siku nzima juu ya magunia, sasa ni ya lami tupu kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, na ukisinzia unapitwa na uzuri wote. Shangazi ametangulia mbele za haki. Jangwani kwake kumejengwa vibanda vya soda na chipsi, na Tobia, mwenye mvi sasa, huwapeleka wageni kwenye jiwe kwa boti ya injini. Nilipanda boti naye, lakini tulipolifikia jiwe magoti yangu yakanishauri nibaki humo. Kabla vijana hawajaanza kukwea, Tobia alichomoa sweta kuukuu chini ya kiti. "Chukueni. Mnaliona joto hili? Kileleni mtaniambia. Alinifundisha dada yangu huyu." Binti mmoja akanigeukia, akaniamkia, akaniuliza naitwa nani. Kwenye vyeti vyangu vyote nimeandikwa Skolastika.

"Sweta," nikamjibu.